Hesabu ya nafsi kwa wiki 13: mwongozo kamili wa daftari la Musar

Watu kadhaa niliowaanzishia daftari hili wamenirudia na maneno yaleyale: "Nilianza vizuri, wiki ya tatu nikaliacha." Siwacheki. Daftari langu la kwanza lina kurasa mbili na nusu. Ukurasa wa tatu una sentensi moja ndefu ya kujilaani, na chini yake orodha ya vitu vya sokoni.

Tulikosea sote mahali pamoja: daftari la hesabu tuliligeuza mahakama. Kwa Kiebrania zoezi hili huitwa heshbon hanefesh, na Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Heshbon ni ndugu wa hesabu, nefesh ni ndugu wa nafsi. Ni hesabu ya aina ile anayoipiga mwenye duka akifunga jioni. Akikuta elfu tano imepungua hajipigi makofi mbele ya droo. Anaandika upungufu, anatafuta ulikotokea, anakwenda kulala, na asubuhi anafungua tena.

Njia yenyewe ni ya Musar, mafundisho ya Kiyahudi ya kulea tabia. Menachem Mendel Lefin wa Satanov aliitoa kwenye kitabu chake mwaka 1808, akiazima mpango wa Mmarekani Benjamin Franklin, na baadaye Rabi Israel Salanter na wanafunzi wake huko Lithuania wakaifikisha kwa watu wengi. Historia inatosha. Jambo moja tu kabla hatujaanza: mimi si Myahudi, nimeijua njia hii kwa kusoma na kujaribu. Kwa Wayahudi wenyewe kazi hii imefungamana na Torati na amri zake. Anayeitaka ili apandishwe cheo kazini atachoka mapema.

## Vinavyohitajika

- Kaunta buku moja, ndogo ya kukaa kando ya kitanda.
- Rula na kalamu ya wino. Penseli itakubembeleza ufute.
- Dakika 10 za asubuhi na dakika 5 za usiku.
- Kitu cha kusoma. Kitabu cha Mithali kinatosha. Ukipata Pirkei Avot, yaani mafundisho ya wahenga yaliyomo ndani ya Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, ni bora zaidi.
- Mtu mmoja wa kuzungumza naye mara moja kwa wiki.

Simu iache. Nimejaribu kuweka alama kwenye simu, na kila nilipoifungua nilijikuta nasoma ujumbe wa kikundi cha harusi. Usiku wa tatu sikuandika chochote.

## Hatua ya 1: Chora jedwali

Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto chora mistari 13 kwenda chini na visanduku 7 kwenda kulia. Kila mstari ni wiki moja, kwa hiyo ukurasa mmoja unabeba mzunguko mzima. Ukurasa wa kulia uache mtupu, utaandikwa maneno machache.

Mizunguko minne ya wiki 13 inakupa wiki 52, mwaka mzima. Hiyo ndiyo faida ya namba hiyo: kila tabia inarudi mara nne kwa mwaka, na huna haja ya kuimaliza leo.

Angalia siku usije ukachanganya. Kwa Waebrania siku ya kwanza ya juma ni Jumapili, ingawa jina letu linaiita ya pili. Tena siku yao huanza jua likizama, hesabu isiyomsumbua mtu wa pwani aliyekuzwa na wazee wanaosema "usiku wa Ijumaa" wakiwa na maana ya Alhamisi jioni. Wiki yako basi inaanza Jumamosi usiku.

Franklin aliweka alama za tabia zote 13 kila usiku. Mimi nasema weka alama za mstari wa wiki hiyo tu. Waliojaribu kufuata zote kwa pamoja ndio wale walioniambia waliacha wiki ya tatu.

## Hatua ya 2: Chagua tabia zako 13

Tabia moja huitwa mida, nyingi huitwa midot, na neno hilo maana yake ni kipimo. Lifikirie hivyohivyo. Hasira, ukarimu na aibu kila mtu anavyo. Tunachopishana ni kiasi. Hakuna mida ya kung'olewa mzizi, zipo zilizozidi na zilizopungua.

Orodha ya Lefin inaenda hivi: utulivu wa nafsi, subira, mpangilio, uthabiti wa maamuzi, usafi, unyenyekevu, haki, matumizi ya kiasi, hima, kunyamaza, upole wa maneno, ukweli, na kujizuia na tamaa. Unaweza kuichukua ilivyo. Salanter naye aliipangua akaweka yake, akaingiza heshima kwa watu, kwa hiyo nawe una ruhusa ya kubadilisha tatu au nne.

Kabla hujabadilisha, jipime kwanza. Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi wa kale, inasema mtu hujulikana kwa vitu vitatu, na kwa Kiebrania maneno hayo yana vina: koso, kiso, kaaso. Kikombe chake, mfuko wake, hasira yake. Yaani anakuwaje akinywa, anakuwaje penye pesa, anakuwaje akiudhika. Jibu maswali hayo matatu kwa maandishi kwenye ukurasa wa kulia. Kisha muulize anayekaa nawe nyumba moja ayajibu kwa niaba yako. Majibu yenu yakigongana, chukua lake.

Usichague tabia kwa kuwa inasikika vizuri. Mtu mmoja aliniletea orodha yenye "hekima" na "upendo". Hivyo utavihesabuje usiku? Tabia inayofaa ni ile inayoweza kuonekana kwa macho au kusikika kwa masikio: nilipaza sauti, nilichelewa, nilitia chumvi kwenye habari.

Panga orodha ianze na nyepesi. Tabia inayokutesa zaidi iweke wiki ya tano au ya sita, mkono ukiwa umeshazoea kalamu. Ukiiweka ya kwanza, nukta zitajaa siku mbili tu na utalichukia daftari.

Umefaulu hatua hii ukiwa na majina 13 yaliyoandikwa kwa wino, na angalau moja kati yao hukulitaka.

## Hatua ya 3: Andikia kila tabia kauli fupi

Mstari mmoja tu, wa kukumbukika ukiwa kwenye foleni. Kwa kunyamaza, mafundisho ya Lefin nayafupisha hivi: "Kabla sijafungua mdomo, maneno haya yatamfaa nani?" Kwa haki inafaa ile kauli ya Hillel, mwalimu wa Kiyahudi wa kale: unalolichukia wewe usimtendee mwenzako.

Kwa subira nina kauli yangu iliyotoka kwenye neno lenyewe. Subira kwa Kiebrania ni savlanut, na mzizi wake ndio uliozaa sabal, mchukuzi wa mizigo. Hamali. Basi nimeandika: "Leo mimi ni hamali, nibebe." Hamali hapendi gunia, ila analijua uzito wake na anajua litashushwa wapi.

## Hatua ya 4: Asubuhi, soma kwa sauti

Dakika 10, kabla ya simu. Soma kauli ya wiki, kisha aya chache zinazoigusa, kwa sauti, urudierudie. Salanter alisisitiza kusoma kwa mahadhi na kwa moyo uliochomeka, na njia hiyo ina jina lake, hitpaalut. Sababu yake ni kwamba kujua peke yake hakumbadilishi mtu. Kila mwenye hasira anajua hasira ni mbaya, angeweza hata kuihubiri. Sauti na mahadhi hulipeleka jambo mahali ambapo hoja haifiki.

Utaona haya, hasa nyumba ikiwa na watu. Mimi nasomea jikoni maji ya chai yakiwa motoni.

Dalili ya kufaulu si kutoa machozi. Ni pale saa nane mchana, katikati ya ugomvi, kauli inapokujia kichwani bila kuiita, hata kama ugomvi utaendelea.

## Hatua ya 5: Jitwike kabala moja ndogo

Watu wengi wanaipita hatua hii mbio, na kila kitu kinabomokea hapa. Kaa nayo.

Kabala ni jambo moja dogo unalolikubali kwa wiki hiyo. Mzizi wake ni uleule wa neno letu kukubali. Usilichanganye na mafundisho ya siri yanayobeba jina hilohilo. Hapa ni tendo tu, dogo kiasi cha kuona aibu kumweleza mtu.

Mfano. Wiki ya subira usiandike "nitakuwa mvumilivu na watoto". Andika: "Asubuhi mtoto akitafuta kiatu, nitahesabu hadi kumi kabla ya kusema neno." Ina saa, ina mahali, ina mwisho. Usiku utajua kwa hakika kama ulihesabu au hukuhesabu.

Kwa nini dogo hivyo? Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, katika maelezo yake ya Pirkei Avot, anatoa mfano wa mtu mwenye dinari 1,000 za sadaka. Akimpa mtu mmoja zote kwa mara moja, amefanya tendo kubwa la wema. Akitoa dinari moja moja mara 1,000, mkono wake umefunguka mara 1,000, na ukarimu umeingia ndani yake. Tabia inafuata idadi ya mara. Kabala kubwa utaitekeleza Jumapili na Jumatatu kwa ushujaa, kisha Jumatano utaumwa kichwa.

Kuna tahadhari tatu hapa.

Usiweke nadhiri. Wayahudi wakiahidi jambo jema huongeza maneno bli neder, "bila nadhiri", kwa kuwa nadhiri isiyotimizwa ni deni zito, na kitabu cha Mhubiri kinasema heri usiweke kuliko kuweka usiiondoe. Andika maneno hayo mawili pembeni ya kila kabala. Yatakuondolea kisingizio cha kusema "nimeshavunja, basi tena".

Usipige kwenda upande wa pili kwa nguvu zote. Maimonides anafundisha njia ya kati, na anaruhusu mtu aliyezidi upande mmoja ajivute hadi upande wa pili kwa muda, kama dawa. Kiburi na hasira anavitenga: hivyo mtu aviepuke mbali kabisa. Wapo waliolipeleka jambo hili mbali. Wanafunzi wa shule ya Novardok, tawi kali la Musar, walikuwa wakiingia duka la dawa kuomba misumari, makusudi wachekwe, ili waizoee aibu. Ni kisa kizuri. Usianze nacho.

Ya tatu niliilipia mwenyewe. Kabala yako isibebwe na mgongo wa mwingine. Wiki yangu ya mpangilio nilipanga upya rafu za jikoni, kila kopo na jina lake, nikajiona mtakatifu. Mke wangu alitafuta binzari siku mbili. Siku ya tatu aliniambia, "Baba, hiyo nidhamu yako ungeanzia kwenye meza yako." Kweli meza yangu ilikuwa imefunikwa na risiti za mwaka mzima.

Baadaye nilikutana na kisa kinachosimuliwa juu ya Salanter. Alikuwa mgeni kwenye nyumba ya mtu, akanawa mikono kwa maji kidogo mno wakati beseni limejaa. Walipomuuliza alisema mjakazi ndiye anayeyabeba maji yale kutoka kisimani, naye hakutaka kufanya ibada ya ziada juu ya mabega ya mwingine. Aliyewahi kubeba ndoo kichwani haulizi tena.

## Hatua ya 6: Usiku, nukta na maneno matano

Kabla ya kulala, chukua daftari. Kila mara uliyoteleza katika tabia ya wiki, weka nukta moja kwenye kisanduku cha siku. Hakuna msalaba wala rangi nyekundu. Kama kabala umeitekeleza, weka kistari kidogo pembeni.

Upande wa kulia andika maneno yasiyozidi matano kwa kila nukta. Ukurasa wangu wa wiki ya subira una siku moja inayosomeka hivi: nukta, "foleni, nilimsukuma mama mmoja", nukta, "kiatu, nilihesabu hadi tatu". Basi. Hakuna "mimi ni mtu wa ajabu gani", hakuna "sitarudia tena kamwe". Ukizidisha maneno, ujue umeshatoka kwenye hesabu na kuingia mahakamani, na wiki ijayo hutataka kulifungua.

Kwa hasira ongeza kitu kimoja. Pirkei Avot inawagawa watu katika aina nne: mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kutulia, mgumu wa kukasirika na mgumu wa kutulia, mgumu wa kukasirika na mwepesi wa kutulia, na mwepesi wa kukasirika aliye mgumu wa kutulia. Kwa hiyo pima mambo mawili: niliwaka kwa haraka gani, na nilinuna kwa muda gani. Kuna wanaoshindwa kabisa kupunguza cha kwanza kwa miezi, huku cha pili kikishuka kutoka siku mbili hadi nusu saa. Bila kupima vyote viwili wangedhani hawajapiga hatua.

Sabato ina utaratibu wake. Myahudi anayeishika haandiki tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku nyota tatu zinapoonekana. Ijumaa anaandika mapema, na ya Sabato anaibeba kichwani mpaka itoke. Nimeufuata utaratibu huo nikaupenda kwa sababu ya kiutendaji tu: siku moja bila kalamu inakuonyesha kama tabia imeanza kukaa au ni daftari ndilo linalokushikilia.

Ukiruka usiku mmoja, acha kisanduku wazi. Usikijaze kesho kwa kukumbukakumbuka. Hesabu za kubuni zimeua maduka mengi.

## Hatua ya 7: Mwenzi, mara moja kwa wiki

Talmudi ina msemo mkali: ama mwenzi ama mauti. Mtafute mtu mmoja, asiwe bosi wako wala mdeni wako, anayefanya zoezi hilihili. Mke au mume anaweza, ila mara nyingi ni yeye aliyepigwa na nukta zenyewe.

Robo saa inatosha. Mimi na mwenzangu tunapigiana Jumamosi usiku.

"Ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mzunguko uliopita?"

"Nne."

"Sasa umeanza kuona, ndugu yangu."

Alikuwa sahihi, na jambo hilo linawatisha wengi bure. Nukta huongezeka kabla ya kupungua. Mzunguko wa kwanza unaona makelele tu. Wa pili unaona hata jicho ulilomkatia mhudumu.

Mwenzi asishauri asipoombwa. Kazi yake ni kuuliza namba na kuuliza kabala ya wiki ijayo.

## Hatua ya 8: Nukta yenye mtu ndani yake

Baadhi ya nukta si zako peke yako. Yule mama wa foleni sitamwona tena, lakini mfanyakazi mwenzako uliyemfokea yupo. Mishna inasema hata Yom Kippur, siku ya upatanisho, haifuti kosa la mtu kwa mwenzake mpaka amridhishe. Maimonides anataka uombe radhi, akikataa uende na watu watatu, na urudi hivyo hadi mara tatu.

Fanya ndani ya wiki ileile. Taja ulichofanya kwa jina lake. "Kama nilikukosea nisamehe" si kuomba radhi, ni kumkabidhi mwenzako kazi ya kutafuta kosa.

Kuna jambo moja la kupimwa kwa makini. Ukimsengenya mtu naye hajui, je, umwendee umweleze? Wanazuoni wametofautiana. Inasimuliwa kuwa Salanter alipinga, kwa hoja kwamba unamtia jeraha jipya ili wewe upate usingizi. Mimi niko upande wake. Rekebisha kwa wale waliokusikia.

## Hatua ya 9: Wiki ya 14

Mzunguko ukiisha usijipe mapumziko ya mwezi. Chora ukurasa mpya usiku uleule, tabia zilezile, kabala mpya. Badilisha tabia moja tu, ikiwa kwa wiki nzima haikupata hata nukta moja na mwenzi wako anakubali kuwa haikukuhusu.

Linganisha kurasa mbili. Usitazame jumla, tazama maneno upande wa kulia. Kama mzunguko wa kwanza uligundua usiku kwamba ulipaza sauti asubuhi, na wa pili ukagundua ukiwa bado unapaza, jedwali linafanya kazi. Maimonides anasema toba kamili hujulikana mtu akirudi kwenye jambo lilelile, uwezo wa kulifanya akiwa nao, asilifanye. Mimi kiatu kinapotea kila wiki, kwa hiyo mtihani siukosi.

Wayahudi wana mwezi wa Elul, unaoangukia Agosti na Septemba, wa kupiga hesabu ya mwaka kabla ya Rosh Hashana, mwaka mpya wao. Ukitaka kufunga mizunguko yako minne hapo, vema. Lakini usiungoje ili uanze. Hillel alishasema mtu asiseme "nitasoma nikipata nafasi", huenda asiipate.

Jumamosi hii, jua likishazama na nyota zikionekana, chukua rula. Mstari wa kwanza, tabia nyepesi, maneno bli neder pembeni.